Mwanga wa Mlangoni pa Dada

"Mjomba," mpwa wangu aliniambia, "siku ya harusi yangu nataka mama akae mbele. Mkubwa kama mlango."

Alikuwa amesimama ndani ya studio yangu hapa Garsen, mkoba begani, vumbi la safari ya Malindi bado limemkaa kwenye nyusi. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, tulikuwa tumemzika Golbanti mvua za mwaka uliotangulia. Kwa hiyo aliposema akae mbele alimaanisha picha. Na picha ikitajwa katika ukoo wetu, vichwa vyote hunigeukia mimi, kama vile maji yakikatika watu humgeukia mwenye pampu.

"Mkubwa kama mlango upi?" niliuliza, ili nipate muda wa kufikiri.

"Mlango wa kawaida, Mjomba. Usianze."

Nikamwambia sawa. Hilo ndilo neno langu la hatari. Nikisema sawa, jua kwamba sijui nitafanyaje.

Niseme kidogo habari zangu, maana sina nyingi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametapakaa, wengine hata picha zao wananitumia wakiwa wamevaa majaketi ya baridi. Mimi mwisho wangu ni Malindi, na huko nako nililala mara moja tu, nikahisi godoro halinijui. Studio ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, kwa hiyo kwenda kazini sihitaji hata kuvaa ndara. Mabasi ya Lamu yanapita, watu wanashuka, wanakunywa chai, wanapanda, wanaondoka. Dada alikuwa akisema kwamba mimi ni mlango: nafunguka, nafungwa, lakini kwenye fremu sitoki.

Yeye ndiye aliyenilea. Alinipeleka shule, akanichapa nilipokimbia, akanicheka niliporudi. Na katika maisha yake yote sikumbuki kumwona amekaa mchana.

Hilo si jambo la kutia chumvi. Asubuhi ungemkuta kwenye mpunga. Jua likiwa utosini yuko kwenye kinu. Alasiri anafukuza nyani migombani na kuwatukana kwa majina ya majirani ambao hakupatana nao wiki hiyo. Ukimwambia, "Dada, hebu keti nikupige picha," anakujibu huku amekupa mgongo:

"Ngoja nimalize."

"Si nikupige hivyo hivyo ukiwa kazini?"

"Nimeinama? Kama mbuzi anayekunywa maji? Watu waseme kwetu hakuna hata mkeka?"

Kwake yeye, mtu hupigwa picha akiwa amemaliza. Akimaliza ataoga, atafunga leso safi, atatandika mkeka nje ya mlango, upande unaotazama mto, atanyoosha miguu, kisha aseme, "Haya, bwana picha. Piga sasa." Wakati huo jua limeshazama nyuma ya miembe, kuku wanagombania pa kulala, na mwanga uliobaki ni ule wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi.

Saa hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Shangazi yetu, aliyekaa nyumba ya jirani, alikuja kila magharibi, akainama kumpa mkono pale chini mkekani na kumuuliza, "Kazi imekwisha?" Naye Dada akajibu, "Kazi haijaisha, mimi ndiye niliyekwisha." Wakacheka wote wawili kana kwamba jana hawakusema maneno hayo hayo.

Basi, picha zake zote nilizipiga wakati huo. Na zote nilizipiga kwa simu.

Simu hiyo niliinunua kwa jirani yangu, Msomali mwenye duka lililo mkabala na studio, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeishi miaka na kikamera kichovu cha picha za vitambulisho, kinachotaka jua kali na mteja asiyepumua. Jirani alinionyesha simu, akaigeuza mgongo nione lile jicho lake.

"Waryaa! Megapikseli za humu ndani ni nyingi kuliko watu wa Garsen siku ya mnada wa ng'ombe."

Nami niliamini, kwani nilidhani wingi wa megapikseli, hesabu ya vidoa vinavyounda picha, ndio uzuri wake. Nilikwenda Golbanti kwa Dada kwa pikipiki siku hiyo hiyo, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwashangaza watu. Nikangoja Dada amalize. Nikampiga. Nikampa simu ajione.

Aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mbona umenimwagia pumba usoni?"

"Ni chenga tu, Dada. Giza limeingia."

"Chenga nazijua mimi. Hizi ningezipepeta."

Nilirudi kwa jirani kulalamika. Hata hakunyanyua macho kutoka kwenye kikombe chake. "Mimi nimekuuzia simu," alisema. "Sikukuuzia jua."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amesema kweli yote. Nilikuja kuielewa baada ya Dada kufariki, nilipopata kamera kubwa. Mpigapicha mmoja wa harusi wa Malindi alichoka na kazi, akaniuzia yake, nami nikaifungua kama mtoto anavyofungua redio. Ukitoa lenzi, ukainua kioo cha ndani, unakiona: kibamba kinachong'aa rangi ya mafuta yaliyomwagika majini. Ndicho kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Vitabuni wanakiita kihisi. Cha kamera ile kilikuwa na ukubwa wa stempu ya barua. Cha simu yangu, nilikuja kusoma, ni kama punje ya hindi.

Kila kitu kimo katika tofauti hiyo. Baba yetu alituachia shamba moja kando ya mto, na ndugu tulikuwa wengi. Tulipogawana, kila mmoja akapata ukanda. Wangu ukimlaza ng'ombe mmoja lazima akunje miguu. Ukihesabu mashamba, sisi ni matajiri: shamba la huyu, shamba la yule. Ukihesabu mpunga, tunaazimana. Zile megapikseli alizonisifia jirani ndizo warithi wenyewe. Punje ya hindi imekatwakatwa ili kila mmoja apate chake, na mwanga unaomfikia kila mmoja ni wa kulamba tu. Stempu ya barua ikigawanywa, hata kwa warithi wengi vilevile, kila mmoja anapata pa kusimama.

Mchana huoni tofauti. Jua la Garsen linamwaga mwanga bila hesabu, hata punje inashiba. Mfugaji wa Kiorma akija kutaka picha ya kitambulisho saa sita, naweza kumpiga kwa simu au kwa kamera kubwa, na mama yake mwenyewe hatajua ipi ni ipi. Mambo yanaharibika mwanga ukipungua. Hapo simu haina cha kupokea, kwa hiyo inakuza kile kidogo ilichonacho. Ni kama kuongeza sauti ya redio inayoshika stesheni ya mbali: mtangazaji anasikika zaidi, na mkwaruzo nao unasikika zaidi. Mkwaruzo huo ukiwa kwenye picha ndizo zile chenga.

Nilipoelewa hivyo, nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikapanda pikipiki tena hadi Golbanti na kamera kifuani nimeifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Mwendesha pikipiki aliniuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Nyumba ya Dada ilikuwa imefungwa. Nilikaa kwenye kizingiti nikangoja magharibi, na ilipokaribia nikaingia ndani, nikautoa mkeka, nikautandika mahali pake. Sijui kwa nini niliutandika. Nadhani nilitaka mambo yawe sawasawa, nipime kitu kwa kitu. Kuku wa Shangazi walikuwa wakigombania matawi. Mwanga ukawa ule ule wa chai ya maziwa. Nikapiga.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila ufa wa ukuta ulionekana, na kila msumari wa mlango. Kinu kilikuwa pembeni na mchi wake, na weusi wa ndani ya kinu ulikuwa weusi mtupu, bila hata punje ya chenga. Mkeka ulionekana ukindu mmoja mmoja, rangi ya zambarau na ile ya majani, hata pale ulipokatika, alipozoea kuweka kisigino. Kamera iliona kila kitu kilichokuwa mlangoni pale saa ile.

Nilikaa nikaitazama kwenye kile kioo kidogo cha nyuma mpaka kikazimika chenyewe. Nimekuwa na hamu ya vitu vingi maishani, vingi vyake vya kijinga, lakini sijawahi kuwa na hamu kama ile ya kumsikia mtu akisema kutoka nyuma ya nyumba, "Ngoja nimalize." Ningengoja. Nina kipaji cha kukaa mahali pamoja, nadhani nimeshasema.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja na habari ya mlango, nilijua nilichonacho na nisichonacho. Nilikuwa na picha moja tu ambayo Dada anacheka, ameangalia moja kwa moja kwenye simu, na mwanya wake wa mbele uko wazi. Ilikuwa ya punje ya hindi, ya magharibi. Nyingine zote amefumba macho au anamkemea kuku.

Kwanza nilijaribu ujanja. Siku hizi kuna programu za simu zinazosafisha sura. Unaipa picha chafu, inakurudishia safi. Niliipa, ikafikiri, ikarudisha. Mpwa wangu akainama juu ya meza kutazama.

"He! Mjomba, mbona umemwoza mama kabla yangu?"

Kweli alikuwa bibi harusi. Ngozi laini kama sahani, nyusi zimechongwa, midomo ya mtu asiyewahi kumtukana nyani. Mpwa wangu alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Mwanya uko wapi?"

"Mashine imeuziba."

"Nani kaiambia iuzibe?"

"Haikuuona vizuri. Mahali isipoona inajaza yenyewe."

"Basi iambie ni mama yangu. Iambie iurudishe."

Sikuwa na namna ya kuiambia. Kitu ambacho hakikuingia kwenye kile kihisi jioni ile hakipo popote. Mashine ilikuwa inakisia tu, kama mtu anayeulizwa njia na anaona aibu kusema hajui.

Nikaamua kuikuza ile yenyewe, na chenga zake. Nilimpa kondakta wa basi faili, akaipeleka Malindi kwenye mashine za mabango, akanirudishia karatasi imekunjwa kama mkeka. Mimi siendi Malindi. Picha yaweza kwenda. Tuliifungua ukutani, nje ya studio, tukaibana kwa misumari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na nilichokiona kilikuwa udongo. Udongo mwekundu, wa kijani, wa kahawia, vidoa vidoa, kama ukingo wa mto maji yakishuka.

"Mama yuko wapi hapo?" mpwa wangu aliuliza.

Kutoka ng'ambo ya barabara jirani yangu akapaza sauti. "Waryaa! Njooni huku! Huku anaonekana!"

Tulivuka. Mimi nilivuka kinyumenyume, macho kwenye picha, na pikipiki moja ikanipigia honi na kunitaja jina la mnyama. Lakini jirani alisema kweli. Kila hatua niliyorudi nyuma, udongo ulijikusanya. Hapa likatokea shavu. Hapa leso. Tulipofika kwenye baraza ya duka lake, Dada alikuwa amekaa ukutani kwangu, amenyoosha miguu, anatucheka na mwanya wake wote. Mpwa wangu akashika mkono wangu.

"Mjomba. Ni yeye."

Kisha akauachia mkono, akaanza kumwendea. Nilitaka kumzuia, sikuwahi. Alivuka barabara haraka haraka, kama mtu aliyeitwa, na nilimwona akipunguza mwendo katikati. Shavu la mama yake lilikuwa linampotea. Akaongeza hatua moja. Alipofika ukutani aliweka kiganja juu ya karatasi, mahali ambapo sisi wa ng'ambo tulikuwa bado tunaona uso, akabaki amesimama hivyo.

Jirani yangu ni mtu wa maneno mengi. Wakati ule alisogeza tu kikombe chake, kisha akaniagizia na mimi chai.

Nilipomrudia, mpwa wangu alikuwa ameshajifuta uso. "Kwa hiyo mama yangu," alisema, "nimwone kutoka ng'ambo ya barabara?"

"Tukiiweka mbali, kanisani, watu wakikaa nyuma wataona vizuri sana."

"Na mimi nitakaa wapi, Mjomba?"

Bibi harusi hukaa mbele. Nikasema sawa, na yeye, kwa kuwa ananijua, alishtuka.

Tuliingia ndani. Nina mashine ndogo ya kuchapisha picha za wateja. Nilimwambia tufanye kinyume: badala ya kumkuza, tumpunguze, mpaka tufike mahali anapokaa. Nilitoa moja ya ukubwa wa kitabu cha shule. Chenga bado zilikuwa zinachemka usoni. Nikatoa ndogo zaidi. Mpwa wangu akaishika, akatikisa kichwa. Ndogo zaidi. Vile vidoa vilikuwa vinasogeleana, vinashikana, kama watu wanaojibana kwenye benchi ili mwingine apate pa kukaa. Ikatoka ile ya ukubwa wa kiganja. Aliileta karibu na macho yake, karibu kabisa, na Dada hakuondoka.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo alipokaa."

"Lakini ni kadogo. Watu wa nyuma hawataona."

"Watasogea."

"Ulisema mkubwa kama mlango."

"Mjomba, kwani mlango si wewe?"

Hapo nilijua kwamba kweli ni mtoto wa dada yangu.

Harusi ilikuwa Golbanti, mchana wa jua kali, mchana ambao hata kikamera changu kichovu cha vitambulisho kingetoa picha. Sherehe ilikuwa nje, pembeni mwa kanisa, chini ya turubai. Mpwa wangu alitandika mkeka wa mama yake mbele, karibu na kiti chake, kwenye ukingo ambapo jua lilipenya. Juu yake akaweka kigoda, na juu ya kigoda ile picha ya kiganja kwenye fremu ya mbao. Kutoka mbali ungedhani mtu amesahau kioo chake cha kujitazamia. Mjomba mzima, fundi wa picha, na hicho ndicho nilicholeta. Niliwaona watu wa nyuma wakinyoosha shingo na kunong'ona, nami nikajishughulisha sana na lenzi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kisha wakaanza kusogea. Mmoja alikuja, akainama, akatazama, akabaki ameinama. Akaja mwingine. Picha ilikuwa chini na ndogo, na hakukuwa na njia ya kumwona Dada isipokuwa kuinama mpaka uso wako ukaribiane na wake. Wengine, wakishainama, walinyoosha mkono bila kukusudia, kisha wakaurudisha. Ilikuwa ni namna ile ile tuliyokuwa tukimsalimia pale mlangoni. Sikuwa nimelipanga hilo. Nikisema nililipanga, mpwa wangu atanicheka mbele ya watu.

Shangazi alikuja mwisho, maana magoti yake siku hizi yanataka kubembelezwa. Macho nayo yamepungua. Aliinama akishikilia bega la bibi harusi, akaichukua fremu, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua. Nilipiga goti mbele yao na kamera kubwa. Macho yake yalizunguka ndani ya fremu, yakitafuta. Halafu uso wake ukafunguka. Akatazama juu, mahali jua lilipokuwa, katikati kabisa ya mbingu, akairudia picha, na kusema kwa sauti ya mtu anayemsuta rafiki yake:

"He! Leo umekaa mapema."

Mpwa wangu akacheka kwa sauti, na mwanya wake wa mbele, ule alioupata kwa mama yake, ukawa wazi wote. Nikabonyeza. Kuhusu mwanga, mwanga ulikuwepo wa kutosha.